Saa Moja, Mbele ya Friji

Nesi aliita: "Visheti Al-Maamari!"
nami nikainuka na kikapu,
ukoo mzima wa marehemu mume wangu
ukilia nyau humo ndani.
Shemeji angesikia, angeniwekea kikao.

Jina nilimpa kwa rangi yake,
kahawia iliyogandiwa na nyeupe
kama visheti vilivyotoka kwenye shira.
Sikujua nabashiri.

Alianza kwa kunywa maji.
Akanywa ya bakuli, ya ndoo ya kudekia,
akanywa ya udhu wangu kabla sijatia mkono,
na bado mgongo ukahesabika pingili.
Daktari wa mtaani hapa Al-Khoudh
akampa dawa ya minyoo, akampa tena,
mwisho akasema: huyu apelekwe kwa bingwa.

Bingwa! Mimi mwenyewe karatasi ya kwenda kwa bingwa
ninayo tangu Ramadhani ya mwaka juzi,
imekunjwa ndani ya kopo la biskuti,
chini ya vifungo na nyuzi.

Lakini Jumapili, na jua lile la mwezi wa sita,
barabara ya Al-Khuweir ikimeremeta kama imemwagiwa samli,
nilimgeuzia yeye upepo wote wa gari,
mimi nikajipepea kwa risiti.

Daktari Tasabih, mtu wa Sudan, mikono midogo,
alimnyoa tumbo, akampaka ute wa baridi,
akanionyesha kwenye kioo cha kijivu
kongosho la paka:
kidude kama jani la mchicha lililonyauka.
"Hili ndilo limechoka."
Langu sijapata kuliona.

Riyali thelathini na nane, kabla ya dawa.
Mwanangu akapiga simu toka Doha:
"Mama, ni paka."
Najua ni paka, Mundhir.
Angekuwa mtu, naye angekuwa Doha.

Basi tukaanza.
Asubuhi saa moja, jioni saa moja,
yuniti moja, haizidi,
ngozi ya shingo naivuta ikawa hema,
tone la damu pembeni ya sikio,
naandika kwenye daftari la shule
yake, na kwa vile kalamu ishashikwa,
yangu.
Miaka tisa nilikuwa nadanganya kipimo,
nikila tende tatu na kuhesabu moja.
Mbele ya mnyama asiyejua kusoma
nikaona haya.

Friji ikawa na rafu yetu wawili:
chupa yake, sindano zangu,
na katikati nyama ya kopo isiyo na wanga,
ghali kushinda nguru.

Mwezi wa nne Daktari Tasabih
akasoma majibu mara mbili, akavua miwani.
"Sukari yake imelala. Haikufa, imelala.
Sindano acha, chakula usiache."
Huwatokea baadhi ya paka, wakiwahiwa.
Nikauliza: na watu?
Akamkuna Visheti kidevu, akamkuna.
"Watu ni kazi nyingine, mama,"
na macho yake hayakuwa kwenye karatasi,
yalikuwa kwenye vidole vyangu, na matundu yake.

Nikarudi nyumbani nimefurahi, wallahi,
na nimenuna.
Mwenzangu kafaulu, mimi narudia darasa.

Jioni ile sikwenda jikoni.
Saa moja ikapita, na dakika tano,
na kumi.
Kopo la biskuti lilikuwa karibu na mkono.
Akaja, mkia juu, akanipita kama kiti,
akaenda kuketi mbele ya friji,
shingo ameinamisha tayari,
kama hakuna aliyemwambia kuwa amepona.

Nikainuka. Nikafungua.
Yeye akapata kipande chake cha nyama.
Mimi nikapandisha dera hadi pajani,
yuniti kumi na nne, haizidi,
naye akaacha kutafuna
mpaka nilipochomoa sindano.